Kipuri kilicholika kisihukumiwe kwa kalamu

Shafti ya pampu ya maji hailiki yote. Hulika mahali pamoja tu, pale inapozunguka ndani ya beringi au inapokutana na kizuizi cha maji, na mara nyingi kilichopotea hakizidi nusu milimita. Sehemu iliyobaki, ambayo ni karibu uzito wake wote, ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Hata hivyo kwa ajili ya nusu milimita hiyo pampu husimama, akina mama hurudi kuteka maji mtoni, fomu hujazwa, shafti hutupwa nyuma ya karakana miongoni mwa vyuma chakavu, na barua ya kuomba kipuri kipya huanza safari yake kutoka meza hadi meza.

Hapo yafaa kujiuliza ni nani hasa aliyeiua shafti ile, msuguano au kalamu.

Swali hili si geni kwa mafundi. Katika karakana za Gerezani, na katika karakana nyingine za nchi hii, wako mafundi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakijaza shafti zilizolika kwa vijiti vya kuchomelea, kisha wakazikereza mpaka zikarudia kipenyo chake. Kazi hiyo ni ya heshima, na imeokoa mashine nyingi, hasa katika miaka ya mwanzo ya 1980 ambapo fedha za kigeni zilikuwa haba na viwanda vingi vilifanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa vipuri. Lakini kila fundi mkweli anaijua kasoro yake. Moto wa kuchomelea huupinda mhimili mrefu. Huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Huacha nyufa ndogo zisizoonekana, ambazo hujitokeza miezi kadhaa baadaye, tena mashine ikiwa kazini. Kwa metali nyepesi kama alumini na magnesiamu madhara ni makubwa zaidi, maana metali hizo huyeyuka upesi na hushikana na oksijeni ya hewani kwa pupa.

Basi imekuwapo haja ya muda mrefu ya kuirudishia metali ngozi yake bila kuichoma. Njia mojawapo ya kutimiza haja hiyo ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiitafuta.

Katikati ya miaka ya 1980, huko Novosibirsk, Siberia, katika Taasisi ya Umekanika wa Nadharia na Matumizi, Anatolii Papyrin na wenzake walikuwa wakichunguza jinsi gesi yenye vumbi inavyopita juu ya kitu kigumu ndani ya handaki la upepo lenye mwendo uliozidi ule wa sauti. Katika hali ya kawaida, chembe ndogo zikirushwa juu ya chuma hukikwangua, kama mchanga unavyofanya unapopulizwa ili kuondoa kutu. Ndivyo ilivyokuwa mpaka kufikia kiwango fulani cha mwendo. Kupita kiwango hicho, chembe za metali ziliacha kukwangua, zikaanza kunata. Moja ilinata juu ya nyingine, na utando ukajengeka. Wangeweza kuuona utando ule kama uchafu wa majaribio, wakaufuta na kuendelea na kazi iliyowaleta maabarani. Hawakufanya hivyo. Walipima mwendo, wakapima ukubwa wa chembe, wakabadilisha metali moja baada ya nyingine, hata wakaweza kueleza ni wakati gani chembe hunata na ni wakati gani hukwangua. Mwaka 1994 hataza ya ugunduzi huo ilitolewa nchini Marekani kwa majina yao.

Njia hiyo leo huitwa unyunyiziaji baridi, jina ambalo humpotosha anayelisikia mara ya kwanza, kwani gesi inayotumika huweza kupashwa moto hadi mamia ya nyuzi joto. Ubaridi wake ni wa kulinganisha: metali inayonyunyizwa haiyeyuki hata kidogo. Naitrojeni, heliamu au hewa ya kawaida husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya bomba ambalo kwanza hubanwa, kisha hupanuka. Umbo la bomba hilo lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na mhandisi wa Sweden, Gustaf de Laval, kwa ajili ya tabo za mvuke. (Ndiye de Laval yule yule wa mashine ya kutenga krimu, ambaye jina lake wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanalijua hadi leo.) Gesi inapopanuka hupoa na kuongeza kasi, nayo hubeba poda ya metali yenye chembe ndogo kuliko unene wa unywele wa binadamu. Chembe hizo hutoka kwa mwendo wa mita 500 hata 1,000 kwa sekunde. Kama chembe moja ingeweza kudumu katika mwendo huo wa juu, ingetoka Dar es Salaam na kufika Bagamoyo kwa muda wa dakika moja hivi. Inapogonga chuma, yote hubonyea na kutandazika, utando mwembamba wa oksaidi uliokuwa juu yake hupasuka, na metali safi hukutana na metali safi. Huo ndio muungano wake. Hakuna dimbwi la chuma kilichoyeyuka wala mhimili uliopindishwa na moto.

Waliotangulia kuitumia njia hii kwa ukarabati walikuwa na taabu inayofahamika kwa kila mwenye mashine ghali. Masanduku ya gia ya helikopta hutengenezwa kwa magnesiamu ili yawe mepesi. Lakini magnesiamu ikigusana na boliti ya chuma mahali penye unyevu huliwa na kutu upesi. Sanduku lote lilikuwa zima, ila pale penye boliti palikuwa na shimo dogo, nalo sanduku likahesabiwa kuwa limekufa kwa sababu hapakuwa na njia iliyokubaliwa ya kulitibu. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ilionyesha kwamba shimo hilo huweza kujazwa kwa poda ya alumini kwa njia ya kunyunyiza, kisha likakerezwa hadi kipimo chake cha awali. Mwaka 2008 nchi hiyo ilitoa kiwango rasmi cha kijeshi kinachoeleza jinsi kazi hiyo ipasavyo kufanywa: poda iweje, fundi athibitishwe vipi, na kazi ikaguliwe kwa namna gani. Msomaji aizingatie hatua hiyo. Maarifa yalipokuwa yakitoka maabara kwenda karakana, yalifuatana na karatasi ya vipimo.

Mwezi Mei 2025 njia hiyo hiyo ilipelekwa chini ya daraja. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst, wakishirikiana na wenzao wa MIT na idara ya uchukuzi ya jimbo la Massachusetts, walinyunyiza poda ya chuma juu ya boriti iliyoliwa na kutu katika daraja moja mjini Great Barrington. Marekani ina madaraja zaidi ya 600,000, na sehemu kubwa yake imezeeka. Kubadili boriti moja kwa kawaida humaanisha kufunga barabara, kuleta winchi na kusubiri. Lakini kinachostahili sifa zaidi katika kazi ile ni namna daraja lenyewe lilivyochaguliwa. Ni daraja lililokwisha pangiwa kubomolewa miaka michache ijayo. Siku litakapobomolewa, boriti iliyonyunyizwa itachukuliwa na kurudishwa maabarani ili ichunguzwe, ijulikane kama ngozi mpya imeshikamana kweli na chuma cha zamani baada ya mvua, theluji na mitetemo ya magari. Wahandisi hao wameitenda kazi yao wakiwa wameshaandaa siku ya kuihukumu.

Unyunyiziaji huu una ndugu yake, nao ni ujengaji wa metali tabaka juu ya tabaka. Huyu hutumia moto, lakini moto mdogo unaoongozwa na kompyuta. Mwali wa leza au cheche ya umeme huyeyusha poda au waya mahali padogo panapotakiwa, tone huganda, na tabaka lingine huwekwa juu yake. Katika mji wa Finspång, Sweden, kampuni ya Siemens iliitumia njia ya namna hiyo kwa vichomeo vya tabo za gesi za kuzalishia umeme. Ncha ya kichomeo huungua kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na mwali. Hapo awali sehemu kubwa ya kichwa ilikatwa na kutupwa, na badala yake kikaunganishwa kipande kilichotengenezwa kabla. Kwa njia mpya ncha iliyoharibika tu ndiyo iliyoondolewa, na nyingine ikajengwa papo hapo juu ya mwili wa zamani, kwa muda mfupi mno ukilinganishwa na wa kwanza.

Mfano wa pili ni wa Uholanzi, nao una mafunzo makubwa ingawa si wa ukarabati. Mwaka 2017 maabara ya RAMLAB katika bandari ya Rotterdam, pamoja na kampuni ya kuunda meli ya Damen na washirika wengine, ilijenga propela ya boti ya kuvutia meli kwa roboti ya kuchomelea. Kipenyo chake kilikuwa milimita 1,350, uzito wake karibu kilo 400, na matabaka yake 298 ya bronzi yenye nikeli na alumini. Propela ya kwanza haikukusudiwa kufanya kazi. Ilikuwa ya kujifunzia. Ya pili ndiyo iliyofuatwa hatua kwa hatua na Bureau Veritas, chombo kinachokagua usalama wa meli, mpaka ikakubaliwa na kufungwa katika boti. Mashine ya kuchomelea iliyotumika haikuwa na miujiza. Waya wa bronzi hununuliwa madukani, na mikono ya roboti imejaa katika viwanda vya magari. Jambo gumu lilikuwa kumridhisha mkaguzi kwamba ndani ya matabaka yale 298 hamna ufa wala tundu, na kwamba propela haitakatika boti ikiwa inavuta meli kubwa katika upepo mkali.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili kwa nchi ambazo vipuri vyake husafiri kwa meli kwa majuma mengi. Upo ushawishi mkubwa wa kuamini kwamba dawa ya taabu ya vipuri ni kununua bunduki ya kunyunyizia metali, kuifunga katika jengo jipya, kukata utepe na kupiga picha. Wauzaji hawatakosekana. Lakini bunduki ile humwagia kipuri metali tu. Haijui kipuri kilikuwa na kipenyo gani kabla ya kulika, wala kilitengenezwa kwa chuma cha aina gani, wala kama ngozi mpya imenata au imelala tu juu ya mafuta na kutu. Mambo hayo hujulikana na mtu mwenye mikromita, mchoro na daftari. Asipokuwapo mtu huyo, kipuri kilichonyunyizwa ni hatari kuliko kilicholika, kwa sababu kilicholika kinajulikana kwamba ni kibovu.

Yafaa pia mipaka ya njia yenyewe isemwe waziwazi, maana watangazaji wa biashara huipita haraka. Unyunyiziaji baridi hufanikiwa vizuri kwa metali laini kama shaba, alumini na zinki. Chuma kigumu sana hakikubali kwa urahisi. Bunduki haifiki ndani ya tundu refu na jembamba. Utando, kama haukupashwa moto baadaye, huweza kuwa mgumu lakini mwepesi wa kuvunjika, hivyo kazi nyingi hurudisha kipimo na kuzuia kutu, lakini hazirudishi nguvu zote za kubeba mzigo. Heliamu hutoa matokeo mazuri lakini ni ghali, na ndiyo maana naitrojeni hupendelewa inapowezekana. Poda ya alumini, titani au magnesiamu ikitawanyika hewani huweza kulipuka. Poda yo yote ikipata unyevu hugandamana na kuziba bomba, jambo ambalo mtunza ghala wa mji wa pwani hapaswi kuambiwa mara mbili. Nazo mashine hazilingani. Zile ndogo za hewa ya kawaida hubebeka na zina kazi yake katika kuziba vitundu vya masanduku ya alumini. Zile za shinikizo kubwa huhitaji umeme usiokatika na mitungi ya gesi isiyokwisha katikati ya kazi.

Haya yote hayaipunguzii njia hiyo thamani. Yanaonyesha tu ni wapi pa kuanzia, na pa kuanzia pako katika mikono ya makundi mawili ya wananchi ambao kwa kawaida hawahesabiwi kuwa mafundi.

Kundi la kwanza ni la watumishi wa serikali wanaoandika mikataba ya ununuzi na wale wanaotia sahihi fomu za kufuta mali chakavu. Mnunuzi wa mashine ana nguvu kabla ya kutia sahihi. Baada ya hapo nguvu hiyo humhama. Ni wakati huo wa kwanza ambapo inawezekana kudai kwamba pampu, injini au jenereta ije na michoro ya sehemu zinazolika, majina ya metali zake, vipimo vyake na kiasi kinachoruhusiwa kupungua, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuzijenga upya. Mikataba mingi huorodhesha rangi ya mashine na idadi ya vitabu vya maelekezo, lakini husahau jambo hilo. Miaka kumi baadaye fundi hulazimika kukisia kipimo cha shafti kwa kuangalia ile iliyolika, na aliyeuza mashine hujibu kwamba michoro ni mali ya siri ya kampuni.

Nayo fomu ya kufuta mali chakavu yastahili kutazamwa upya. Huuliza umri wa kitu, bei yake ya kununulia na sababu ya kuharibika. Haiulizi kimelika kiasi gani na wapi. Kama ingekuwa na mstari mmoja unaomtaka fundi aandike kipimo alichokikuta na kipimo kinachotakiwa, kamati inayoketi kuamua ingejua kama mbele yake kuna sanduku la gia lililopasuka vipande viwili au lililotoboka tundu la ukubwa wa senti. Leo yote mawili huenda mnadani kwa jina moja, yakanunuliwa kwa bei ya kilo za chuma. Si ajabu kwamba wapo wanunuzi wa minada hiyo ambao hawayeyushi walichonunua. Hukipeleka kwa fundi, akakijaza na kukikereza, kikarudi sokoni. Wao walikipima kabla ya kunyoosha mkono.

Kundi la pili ni la walimu. Kijana hawezi kufundishwa kunyunyizia poda katika shule isiyo na mashine hiyo, na hakuna haja ya kumlaumu mwalimu kwa hilo. Lakini kupima kunaweza kufundishwa leo, asubuhi hii, kwa vyombo vilivyokwisha nunuliwa. Katika shule za ufundi ziko kabati ambazo ndani yake mna mikromita zilizofungwa katika visanduku vyake, zikiwa na funguo za mtu anayeogopa zisipotee. Hofu yake inaeleweka, kwa kuwa chombo kikipotea atadaiwa yeye. Hata hivyo mwanafunzi aliyechora mikromita ubaoni kwa miaka minne bila kuigusa hawezi kuisoma nusu milimita iliyopotea juu ya shafti, sembuse sehemu ya mia ya milimita ambayo kazi ya beringi inaidai. Wakuu wa elimu wangemsaidia mwalimu kwa kukubali mapema kwamba vyombo vinavyotumika huharibika, na kutenga fedha kidogo za kuvibadili, badala ya kumlipisha kwa mshahara wake kosa la kuvitumia.

Mwalimu wa fizikia naye anayo sehemu yake. Somo la shinikizo la gesi na mwendo wa sauti hufundishwa kwa namba tupu, na mwanafunzi hukariri akipumua kwa shida. Kumbe bomba la de Laval ni mfano hai: kwa nini gesi inayopanuka hupoa, kwa nini mwendo huongezeka pale bomba linapopanuka ilhali maji ya mtoni hupunguza mwendo mto unapopanuka, na kwa nini chembe ile ile hukwangua kwa mwendo mmoja na kunata kwa mwendo mwingine. Darasa likipewa maswali hayo kwa juma zima, halitakuwa limepoteza wakati wa mtihani.

Karakana itakayotaka kununua mashine ya kunyunyiza au ya kujenga tabaka juu ya tabaka ingefaa kwanza iombwe daftari lake la mwaka uliopita. Humo ionyeshe vipuri vilivyoletwa, mahali vilipolika, kipimo cha kila kimoja kabla na baada ya kujazwa kwa njia za zamani, na vilivyorudi vikiwa vimeharibika tena. Yenye daftari hilo ipewe fedha mwaka huu. Isiyo nalo ipewe daftari, mikromita na mkaguzi wa kuitembelea kila mwezi, na ombi lake lijadiliwe tena baada ya miezi 12.